Kabla ya kugawa tarakilishi kuukuu, hakikisha umeifuta kweli

DISKI kuu iliyochopolewa katika tarakilishi kuukuu haikosi mnunuzi katika maduka ya vifaa vya mitumba jijini Nairobi. Mteja huuliza ukubwa wake na iwapo ingali inafanya kazi. Ni nadra kumsikia akiuliza ilikuwa ya nani, ingawa jibu la swali hilo mara nyingi limo ndani ya diski yenyewe: nakala ya kitambulisho, nambari ya siri ya KRA, taarifa za M-Pesa, picha za watoto.

Mwaka wa 2003, Simson Garfinkel na Abhi Shelat, waliokuwa watafiti katika chuo cha MIT nchini Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wao kuhusu diski 158 walizozinunua zikiwa zimetumika. Diski 129 zilikuwa zingali nzima, na kati ya hizo ni 12 pekee zilizokuwa zimesafishwa ipasavyo. Katika nyinginezo walikuta zaidi ya nambari 5,000 za kadi za mkopo, rekodi za matibabu na barua za mapenzi. Diski moja ilionekana kutoka katika mtambo wa benki wa kutolea pesa.

Bara letu nalo limo katika kisa hiki. Mnamo 2009 wanahabari wanafunzi kutoka Canada walinunua diski kuukuu nchini Ghana, na katika mojawapo wakapata nyaraka za kandarasi za Northrop Grumman, kampuni ya silaha ya Marekani. Ikiwa kampuni ya aina hiyo iliweza kuteleza, sembuse karani wa shule ya upili aliyeambiwa atoe tarakilishi nne za zamani kwa shule jirani?

Kiini cha tatizo ni neno "futa" lenyewe. Mtumiaji anapoifuta faili, na hata anapomwaga kilichomo katika pipa la taka la tarakilishi, mtambo hauigusi faili yenyewe. Hufanya kama mkutubi anayechana kadi ya katalogi na kukiacha kitabu rafuni. Nafasi ile huhesabiwa kuwa tupu, lakini maandishi hubakia hadi yatakapoandikwa mengine juu yake, jambo linaloweza kuchukua miezi au lisitokee kamwe. Programu za kurejesha faili zilizopotea, ambazo nyingine hazilipiwi chochote, huzunguka rafuni tu na kuvikusanya vitabu. Kuiumba upya diski kwa njia ya haraka ni kuichoma katalogi nzima, huku vitabu vikisalia vilevile.

Kwa diski za kawaida zenye sahani za sumaku zinazozunguka, dawa ni kuandika sifuri au herufi zisizo na maana juu ya kila sehemu. Programu kama DBAN na ShredOS hufanya kazi hiyo, na katika Windows chaguo la kuirejesha tarakilishi katika hali ya upya lina sehemu ya kusafisha diski, ambayo wengi huiruka kwa kuwa huchelewesha. Kuchelewa kwenyewe si kwingi. Diski ya gigabaiti 500 inayoandika megabaiti 100 kwa sekunde humalizika kwa takriban saa moja unusu.

Wapo mafundi wanaosisitiza kwamba lazima diski ifutwe mara 35. Idadi hiyo ilitokana na makala ya Peter Gutmann ya 1996, iliyohusu teknolojia za wakati huo, na baadaye yeye mwenyewe alieleza kuwa haina haja kwa diski za kisasa. Mara moja, ikifanywa barabara, yatosha.

Mambo hubadilika kwa diski za SSD, zisizo na sahani, ambazo sasa zimo katika vipakatalishi vingi. Hizi hutawanya maandishi zipendavyo ili zisichakae upande mmoja, hivyo mtumiaji anayedhani anaandika juu ya faili ya kale huenda anaandika pahali pengine kabisa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walionyesha mwaka wa 2011 kwamba mbinu za kuandika juu ya faili mojamoja ziliacha kati ya asilimia 4 na 75 ya yaliyomo. Hapa tumia amri ya kufuta iliyowekwa na mtengenezaji ndani ya diski. Bora zaidi, data isimbwe kwa siri tangu siku ya kwanza kupitia BitLocker au FileVault. Ufunguo ukiharibiwa, kinachosalia hakisomeki.

Na diski iliyokufa, isiyoweza kuandikwa lolote? Isitolewe. Sumaku ya spika haitoshi kuisafisha, licha ya imani ya wengi. Itobolewe sahani zake kwa keekee au ipelekwe kwa wanaoharibu taka za kielektroniki, na chip za SSD zivunjwe moja moja.

Kwa mashirika, hasara haiishii kwenye aibu. Mnamo Septemba 2022, benki ya Morgan Stanley ilikubali kulipa dola 35 milioni nchini Marekani baada ya kukabidhi diski zake kwa kampuni ya kuhamisha mizigo isiyo na ujuzi wa kazi hiyo, na baadhi zikauzwa mnadani zikiwa na data ya wateja. Hapa nchini, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inaruhusu faini ya hadi Sh5 milioni au asilimia moja ya mapato ya mwaka uliotangulia, kutegemea kilicho kidogo.

Kabla ya yote hayo, nakili unachokihitaji mahali pengine na uifungue nakala hiyo uone kama inasomeka. Ukishafuta, endesha mojawapo ya zile programu za kurejesha faili juu ya diski hiyo. Isipopata kitu, ndipo uigawe. Mwambie pia atakayeipokea kwamba haina hata mfumo endeshi, asije akadhani umempa kifaa kibovu.