Hati punguzo: neno la dukani lililookoa watoto Kilombero

Ukisikia neno punguzo, unawaza nguo au vyombo vilivyoshushwa bei. Lakini kwa akina mama wengi wa Ifakara waliolea watoto mwishoni mwa miaka ya 1990 na miaka ya 2000, neno hilo linakumbusha hati punguzo, karatasi ya kununulia chandarua.

Hati ni neno lenye asili ya Kiarabu, lenye maana ya mstari au mwandiko. Punguzo limetokana na kitenzi pungua. Kwa lugha ya leo ya simu, tungeiita vocha.

Mwaka 1997, wilaya za Kilombero na Ulanga zilianza mradi wa KINET, uliohusisha watafiti wa Ifakara. Vyandarua na dawa yake viliuzwa madukani kwa jina la Zuia Mbu. Mjamzito au mama mwenye mtoto wa chini ya miaka mitano alipewa hati kliniki, akaipeleka dukani, akapunguziwa bei na kulipa kiasi kilichobaki. Muuza duka naye aliirudisha hati hiyo ili afidiwe.

Matokeo yake yaliandikwa mwaka 2001. Kwa watoto wa umri wa mwezi mmoja hadi miaka minne, kulala ndani ya chandarua chenye dawa kulihusishwa na ongezeko la asilimia 27 la uwezekano wa kuendelea kuishi. Mwaka 2004 Serikali ilianza mpango wa Hati Punguzo wa nchi nzima.

Hata hivyo, punguzo si bure. Mama aliyekosa fedha ya kuongezea alibaki na karatasi mkononi, na mtoto akaendelea kuumwa na mbu. Kaya maskini ndizo zilizokwama zaidi.

Mpango huo umeshafungwa. Sasa mjamzito hupewa chandarua kliniki bila malipo. Kwa hiyo mzazi asisubiri kupata fedha ndipo aanze kliniki. Awahi, na akiwa hajapewa chandarua, amuulize muuguzi.

Familia zinazohamia mashambani msimu wa mpunga nazo zikumbuke kubeba vyandarua. Mbu wa shambani hana punguzo. Mtoto akipata homa, awahishwe kituo cha afya akapimwe malaria, hata kama hulala ndani ya chandarua kila usiku.