Punda 300 kwa siku

Msimu wa kulima hapa Mbozi huanza na mlio wa mnyororo. Ukungu haujaondoka kwenye mikahawa, na barabarani kijana anapita na fimbo begani, mbele yake maksai wawili waliofungwa nira, nyuma yao plau iliyolazwa ubavu ikichora mstari kwenye tope. Ukisogea karibu utaliona sugu shingoni mwa maksai wa kulia, pale nira inapokaa. Manyoya yamekwisha, ngozi imekakamaa na kung'aa kama mpini wa jembe la siku nyingi. Mwenye mnyama hupapasa pale kwa kiganja kabla ya kufunga kamba, aone kama pana kidonda.

Maksai wa namna hiyo ana bei mbili. Ipo bei ya mnadani, inayotajwa kwa sauti na kulipwa mara moja. Ipo na bei ya kazi, ambayo haitajwi popote lakini hulipwa kila msimu: ekari zilizolimwa kabla mvua haijawa nyingi, magunia ya mahindi yaliyotoka shambani, kahawa iliyofika mnadani kwa wakati. Anayekuja kununua nyama huiona bei ya kwanza peke yake.

Nimeanza na maksai, lakini habari yenyewe ni ya punda. Sisi wa Songwe hatuna punda wengi kama wenzetu wa Dodoma, Singida, Manyara na Arusha, na ndiyo maana mtu wa Vwawa anaweza kusikia kwamba wananchi wa mahali fulani wamekataa machinjio ya punda akadhani ni ushabiki tu. Amtazame maksai wake shingoni, ataelewa.

Chanzo kiko mbali. China kuna dawa ya asili iitwayo ejiao, inayotengenezwa kwa kuchemsha ngozi ya punda mpaka itoe gundi. Watu huitumia kwa kuongeza damu, kwa afya ya wanawake na kwa urembo. Kipato cha watu kilipopanda, wateja wakaongezeka, na punda wa nchi ile wakaisha mbio. Mwaka 1992 China ilikuwa na punda wapatao milioni 11. Robo karne baadaye walikuwa wamebaki chini ya milioni 3. Wafanyabiashara wakageukia Afrika, na hapo ndipo wanavijiji wa Baringo na wa Shinyanga walipojikuta ndani ya biashara wasiyoijua hata jina.

Kenya ilikuwa imeshamwingiza punda kwenye orodha ya wanyama wanaoruhusiwa kuchinjwa kwa nyama mwaka 2012. Kuanzia 2016 machinjio yakaanza kufunguliwa: Mogotio katika Kaunti ya Baringo, Naivasha, kisha Machakos na Turkana. Manne kwa jumla. Kwetu yakajengwa Dodoma na Shinyanga. Kila palipofunguliwa zilisemwa sababu ambazo sote tunazifahamu, za ajira kwa vijana, soko la mifugo na fedha za kigeni, na sababu hizo hazikuwa za uongo. Vijana waliajiriwa kweli. Mwenye punda mzee asiyebeba tena alipata pa kumuuza kwa bei ambayo hajawahi kuiota.

Kasoro ilikuwa kwenye swali ambalo halikuulizwa mapema: punda wa kuchinja kila siku watatoka wapi?

Kuku anaatamia siku 21. Nguruwe huzaa watoto wengi kwa mkupuo na kurudia ndani ya mwaka. Punda jike hubeba mimba mwaka mzima, mara nyingine hadi miezi 14, na huzaa mwanapunda mmoja. Huyo naye huchukua miaka miwili au mitatu kabla ya kuweza kushika mimba yake ya kwanza. Hakuna shamba la punda kama lilivyo shamba la kuku. Punda wa Afrika Mashariki ni wa familia, mmoja hapa, wawili pale, wamefungwa nyuma ya nyumba. Kwa hiyo machinjio yakishawamaliza wale ambao wenyewe wameamua kuwauza, hugeukia wale ambao wenyewe hawajaamua.

Ndivyo ilivyotokea. Wizi ulianza. Wenye punda wa Naivasha, Kajiado na sehemu nyingine za Kenya walikuwa wakiamka na kukuta kamba imekatwa. Wengine walifuata nyayo mpaka vichakani wakakuta mzoga umechunwa ngozi na nyama yote imeachwa palepale. Hapo ikajulikana wazi kwamba kilichokuwa kikitafutwa ni ngozi. Nyama ilikuwa jina tu lililoandikwa kwenye leseni. Watu wakaanza kulala na punda wao karibu, kama alalavyo mtu na mgonjwa.

Tuna msemo wa siku nyingi, punda afe mzigo ufike. Aliyeutunga hakueleza ni nani anayeufikisha huo mzigo punda akishakufa. Punda mwenye sogi au mbao za kufungia madumu hubeba madumu manne ya lita 20, yaani lita 80 kwa safari moja. Mama hubeba dumu moja kichwani. Punda akiibwa usiku, asubuhi yule mama ana safari nne badala ya moja, na kama kisima kiko mwendo wa saa nzima, siku yake imekwisha. Binti wa darasa la tano ataitwa asaidie. Mkokoteni uliokuwa ukimpatia kijana riziki ya kusambaza maji mjini utalala ukutani, matairi yakipungua upepo. Hasara hiyo haikuandikwa kwenye mizania ya mwekezaji yeyote.

Wenye punda walipoanza kulalamika, waliambiwa walichoambiwa wengi kabla yao, kwamba wanapinga maendeleo. Mimi naona wao ndio waliopiga hesabu kwanza, tena vizuri kuliko waliotoa vibali. Wataalamu walikuja baadaye kuwathibitishia. Mwaka 2019 Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, KALRO, lilitoa ripoti kwamba tangu Aprili 2016 hadi Desemba 2018 machinjio yale yalikuwa yamechinja punda 301,977. Gawa kwa siku za kipindi hicho, utapata punda 300 kila siku, Jumapili na sikukuu zikiwemo. Kwa mwendo huo, ripoti ilionya, punda wa Kenya wangeweza kuisha ifikapo 2023. Sensa nayo ilisema yake: mwaka 2009 Kenya ilihesabu punda takriban milioni 1.8, mwaka 2019 walibaki kama milioni 1.2.

Februari 2020 wenye punda waliingia Nairobi, wakaandamana hadi Wizara ya Kilimo. Hawakuwa wanaharakati wa mjini. Walikuwa watu wa mikokoteni na akina mama wa vijijini, na hoja yao ilikuwa kwamba wanaibiwa kitendea kazi. Waziri wa wakati huo, Peter Munya, alitangaza kwamba machinjio ya punda yafungwe na punda aondolewe kwenye orodha ya wanyama wa kuchinjwa. Mwaka uliofuata Mahakama Kuu iliitengua amri hiyo baada ya mmoja wa wenye machinjio kufungua shauri. Nalitaja hili kwa makusudi, kwa sababu wengi hudhani mambo yakishafungwa yamefungwa. Mwekezaji aliyekwishamwaga zege na kununua majokofu haondoki kwa tamko. Ana mkopo wa kulipa na ana wakili.

Ethiopia walifanya tofauti, na kwangu mimi ndiyo sehemu yenye somo kubwa kwetu. Katika mji wa Bishoftu, kusini mashariki mwa Addis Ababa, machinjio ya punda yalifunguliwa mwaka 2017. Nchi ile ndiyo yenye punda wengi kuliko nyingine yoyote duniani, na kwa imani za Wakristo wa Kiorthodoksi na Waislamu wa huko, punda haliwi. Wakazi walikuja juu, wakalalamikia harufu, wakalalamikia kuchinjwa kwa mnyama anayewabebea nafaka, na ndani ya wiki chache uongozi wa mji ukayafunga. Wiki chache, wakati Kenya ilichukua karibu miaka minne na zaidi ya punda laki tatu.

Kwetu Tanzania serikali ilisimamisha uchinjaji huo mwaka 2017, baadaye ukarudi, na Desemba 2022, kwenye mkutano wa nchi za Afrika kuhusu punda uliofanyika Dar es Salaam, ikatangazwa marufuku ya miaka 10. Februari 2024 wakuu wa Umoja wa Afrika waliokutana Addis Ababa wakapiga marufuku kuchinja punda kwa ajili ya ngozi katika bara zima. Sina shaka kwamba wale wenye punda waliolala karibu na wanyama wao wana sehemu yao katika uamuzi huo.

Mtu wa Tunduma hahitaji kuelezwa kwa nini marufuku ya nchi moja haikutosha. Anaijua mipaka. Sukari ikipanda Nakonde, ya Tunduma inahama usiku huohuo. Punda wa Ethiopia walikuwa wakiswagwa kuingia Kenya, na wa Tanzania vivyo hivyo, kwa sababu machinjio ya upande wa pili yalikuwa yanalipa. Kiwanda kikisimama upande mmoja wa mpaka, zizi lake liko pande zote mbili.

Sasa nisieleweke vibaya. Sipingi viwanda vya nyama. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye ng'ombe wengi kabisa Afrika, na ni aibu kwamba nyama yetu nyingi bado huishia buchani palepale ilipochinjwa, huku mfugaji akiuza mnyama kwa bei ya shida. Wasomaji wenye umri mkubwa wanaikumbuka nyama ya kopo ya Tanganyika Packers ya Kawe. Ukitoka Vwawa kwenda Mbeya utapita Mbalizi, ambako jina hilo la Tanganyika Packers bado liko midomoni mwa watu ingawa hakuna kopo linalotoka pale. Ng'ombe wa kunenepesha, aliyefugwa kwa ajili ya nyama, ana bei moja tu, na mwenyewe anaitaka haraka. Kiwanda kinachomlenga huyo na kujengwa mahali pake ni neema.

Mahali pake, nasema. Machinjio makubwa yanakunywa maji na kuyatapika. Kila ng'ombe anayepita pale hutumia mamia ya lita za maji ya kuoshea, na huacha damu, mafuta, mavi na vilivyokuwa tumboni. Yote hayo lazima yaende mahali. Yakienda kwenye mabwawa ya kutibu yaliyochimbwa sawasawa, vizuri. Yakienda kwenye kijito, wa chini watayanywa. Na harufu haina mwenyekiti wa kijiji wa kuizuia isivuke mpaka. Watu wanaoishi jirani wakisema wanaogopa hayo, wanasema jambo linaloweza kupimwa, na ni wajibu wa mwenye mradi kulipima mbele yao.

Sheria iko upande wao, kama wataitumia mapema. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inataka mradi wa namna hiyo ufanyiwe tathmini ya athari kwa mazingira kabla ya kuanza, na wananchi washirikishwe. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, hairuhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila idhini ya mkutano mkuu wa kijiji. Neno zito hapo ni kabla. Katika mikutano mingi niliyowahi kukaa, mgeni hupewa kiti cha mbele, soda, na nafasi ya kueleza ajira ngapi zitapatikana. Wananchi hupiga makofi, mtu mmoja nyuma huuliza kuhusu fidia, jua linazama. Muhtasari unaandikwa kesho yake, ofisini.

Msomaji wa Mbozi, wa Momba, wa Ileje, siku utakapoitwa kwenye mkutano wa namna hiyo, nenda, na ukae mpaka mwisho. Uliza wanyama wangapi watachinjwa kwa siku. Uliza wangapi wanazaliwa kwa mwaka katika wilaya yako na za jirani, na kama ofisa mifugo hana idadi hiyo, mkutano uahirishwe mpaka awe nayo. Uliza maji machafu yatakwenda wapi, utajiwe kijito kwa jina lake. Kisha ombeni majibu yasomwe kwenye muhtasari kabla watu hawajatawanyika, mkiwa bado mmeketi.

Marufuku ya Tanzania ya kuchinja punda, iliyotangazwa kwa miaka 10 mwaka 2022, inafika mwisho 2032. Mwanapunda anayezaliwa mwaka huu atakuwa bado yumo kazini.