Michezo ya kidijitali ya kujifunza kusoma

Michezo ya kidijitali ya kujifunza kusoma ni programu za kompyuta, simu au kishikwambi zinazomfundisha mtoto herufi, silabi, maneno na sentensi kwa njia ya mchezo. Hutumika kama nyongeza ya masomo ya darasani, kama msaada kwa watoto wenye disleksia, na pia mahali ambapo shule iko mbali au walimu hawatoshi. Mifano inayojulikana ni GraphoGame ya Ufini, pamoja na programu za onebillion na Kitkit School zilizojaribiwa kwa Kiswahili mkoani Tanga, Tanzania.

Namna inavyofanya kazi

Anayejifunza kusoma hana budi kufahamu kwanza kwamba kila herufi, au kundi la herufi, husimamia sauti fulani. Mchezo hujenga uhusiano huo kwa kurudiarudia. Mtoto husikia sauti, kwa mfano "ma", kisha huona silabi kadhaa kwenye kioo na kugusa ile inayolingana na sauti hiyo. Akikosea, huonyeshwa jibu sahihi papo hapo, na swali humrudia baadaye. Akipatia, huongezewa ugumu kidogo kidogo, kutoka herufi hadi silabi, kisha maneno.

Kwa njia hiyo kila mtoto hupata jibu lake mara moja na huenda kwa mwendo wake mwenyewe. Katika darasa lenye wanafunzi wengi, ni vigumu kwa mwalimu mmoja kumfanyia kila mtoto hivyo.

Tofauti za lugha

Tahajia ya Kiswahili ni rahisi kuliko ya lugha nyingi. Irabu tano a, e, i, o, u husomwa vilevile kila zinapotokea, na ndiyo sababu mtoto aliyekariri "ba, be, bi, bo, bu" anaweza kusoma maneno mengi mapya. Ugumu huonekana zaidi kwenye makundi ya konsonanti: "ng" ya ngoma na "ng'" ya ng'ombe, au "th" ya thamani na "dh" ya dhambi.

Kwa Kiingereza hali ni tofauti. Herufi "a" ina sauti tatu katika maneno cat, cake na car. Kwa hiyo mchezo wa kusoma hautoshi kutafsiriwa tu. Mpangilio wa masomo yake huundwa upya kwa kila lugha.

GraphoGame

GraphoGame ilitokana na utafiti wa Chuo Kikuu cha Jyväskylä nchini Ufini chini ya mwanasaikolojia Heikki Lyytinen. Tangu miaka ya 1990 watafiti walifuatilia watoto tangu kuzaliwa, wakiwemo wale ambao wazazi wao walikuwa na disleksia, ili kujua mapema nani angepata shida ya kusoma. Mchezo ulibuniwa ili watoto hao wasaidiwe kabla hawajakata tamaa. Baadaye yalitengenezwa matoleo ya lugha nyingine, zikiwemo za Afrika.

Nchini Zambia mchezo huu ulijaribiwa kwa Kinyanja katika darasa la kwanza. Wanafunzi waliendelea vizuri katika tahajia, na matokeo bora yalipatikana pale ambapo mwalimu naye alikuwa ameucheza mchezo. Nchini Uingereza, kwa upande mwingine, jaribio la toleo la Kiingereza lililotangazwa mwaka 2018 halikuona faida ikilinganishwa na mafundisho ya kawaida.

Jaribio la Tanga

Mwaka 2014 shirika la XPRIZE la Marekani lilitangaza shindano la dola milioni 15 la kutengeneza programu ambayo ingewawezesha watoto kujifunza kusoma, kuandika na kuhesabu bila mwalimu. Mfadhili alikuwa Elon Musk. Timu 198 zilijiandikisha, na mwaka 2017 tano zilichaguliwa kuingia fainali.

Majaribio yalifanyika katika vijiji vya mkoa wa Tanga kwa miezi 15, kwa ushirikiano wa Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Watoto wapatao 2,700 walipewa vishikwambi vilivyotolewa na Google, na vijijini vikajengwa vituo vya kuchaji kwa umeme wa jua. Kabla ya jaribio, asilimia 74 ya watoto hao walisemekana hawajawahi kwenda shule, na zaidi ya asilimia 90 hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili.

Mwezi Mei 2019 onebillion ya Uingereza na Kitkit School zilitangazwa kuwa washindi sawa, kila moja ikipata dola milioni 5. Programu za timu zote tano zilitolewa kama programu huria ili yeyote aweze kuzitumia na kuziboresha.

Mafanikio na mipaka

Baada ya miezi 15 idadi ya watoto wa Tanga wasioweza kusoma neno hata moja ilipungua kwa nusu. Hayo ni mafanikio makubwa kwa watoto ambao wengi wao hawakuwa na mwalimu. Lakini takwimu hiyohiyo yaonyesha kwamba watoto wengi walibaki bila kusoma ingawa kifaa walikuwa nacho.

Mapitio ya tafiti za GraphoGame yaliyochapishwa mwaka 2020 yanaelekea kueleza sababu. Kwa wastani mchezo peke yake haukuboresha usomaji wa maneno. Ulisaidia pale ambapo mtu mzima alikaa karibu na mtoto, akamtia moyo na kuzungumza naye juu ya anachojifunza.

Tena michezo mingi hufundisha kutambua maneno kuliko kuelewa habari, na kugusa kioo hakumzoezi mtoto kushika kalamu. Kwa sababu hiyo mchezo hufaa zaidi ukitumika kwa muda mfupi kila siku, sambamba na vitabu vya hadithi, daftari, na mzazi au mwalimu anayemsikiliza mtoto akisoma kwa sauti.