Jinsia kwenye karatasi: tujibu nini tunapoulizwa?

Katika semina zetu za amani hapa Kisangani, mjini Makiso na ng'ambo ya mto kule Lubunga, swali moja linarudi mara kwa mara: "Ni kweli kwamba mashirika yanataka kutuletea sheria ya mwanaume kujiandikisha mwanamke?" Wengine hucheka, wengine hukasirika. Tunaandika makala hii ili wahamasishaji wetu wawe na jibu la kweli. Tangu mgogoro wa Mbole na Lengola ulipoanza Februari 2023, tumeona wazi kwamba uvumi usiojibiwa mapema huishia mlangoni kwa mtu.

Mabishano yenyewe ni nini?

Kuna watu walioandikwa wanaume walipozaliwa, lakini wanajitambua na kuishi kama wanawake; na wengine kinyume chake. Swali la sheria ni hili: nani ana uwezo wa kubadili neno lililoandikwa kwenye hati zao? Argentina ilipitisha mwaka 2012 sheria inayomruhusu mtu kutangaza mwenyewe, bila daktari wala hakimu. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 2004, inadai hati za daktari. Bunge la Scotland lilipiga kura Desemba 2022 kuondoa sharti hilo, lakini serikali ya London ilizuia sheria hiyo Januari 2023.

Wanaounga mkono wanasema mtu asilazimishwe kupimwa kama mgonjwa ili apate hati yake. Wanaopinga, wakiwemo watetezi wa haki za wanawake, wanahofia mahali palipotengwa kwa wanawake, kama magereza na nyumba za kuwahifadhi waliopigwa. Aprili 2025 Mahakama ya juu kabisa ya Uingereza iliamua kwamba neno "mwanamke" katika sheria ya usawa ya mwaka 2010 lina maana ya jinsia ya kuzaliwa. Ilikumbusha pia kwamba waliobadili jinsia bado wanalindwa wasibaguliwe.

Mfano wa jirani

Kenya haina sheria kama ya Argentina, lakini mahakama yake ilikutana na jambo hili. Audrey Mbugua alikuwa na cheti cha shule chenye jina la kiume, na kilimletea taabu katika kutafuta kazi. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliamuru baraza la mitihani limpe cheti chenye jina lake jipya, kisicho na alama ya jinsia. Hakimu hakuhitaji kumaliza ubishi wote. Aliona kwamba alama za mtihani hazibadiliki kwa sababu ya jinsia ya mtahiniwa.

Na hapa Kongo?

Hakuna sheria ya kujitangazia jinsia. Sheria ya Familia ya mwaka 1987, iliyorekebishwa mwaka 2016, inakubali mahakama imruhusu mtu kubadili jina kwa sababu ya haki, na kusahihisha makosa kwenye hati. Haikuweka njia ya kubadili jinsia. Katiba ya mwaka 2006, kifungu cha 40, inasema ndoa ni ya watu wa jinsia mbili tofauti.

Hata hivyo taabu ya karatasi ipo. Kwa watu wengi kadi ya mpiga kura ndiyo kitambulisho, nayo inaonyesha picha, jina na jinsia. Kwenye kizuizi au kivukoni, mtu ambaye sauti na mavazi yake havilingani na kadi huulizwa maswali mbele ya watu. Anaombwa pesa. Watu wanakusanyika. Hatari hii haiwapati waliobadili jinsia tu: mwanamke mwenye sauti nzito, au mtu aliyezaliwa na viungo visivyo wazi, anaweza kushukiwa vilevile.

Tujibu nini?

Tutenganishe maswali matatu. La kwanza: nini kiandikwe kwenye hati? La pili: nani aingie mahali gani? Haya mawili yanabishaniwa duniani kote, na Wakongo wana haki ya kuyajadili bila kulazimishwa na mtu wa nje, na bila kutukanana. La tatu ni: je, mtu apigwe, avuliwe nguo au afukuzwe nyumbani kwa sababu hiyo? Hili limekwisha kujibiwa. Kifungu cha 16 cha Katiba kinasema binadamu ni mtakatifu, na serikali ina wajibu wa kumlinda. Sheria za ukatili wa kingono za Julai 2006 zinamlinda mwanaume kama mwanamke.

Kwa hiyo tunawaomba wahamasishaji wetu:

- Swali likiulizwa, lisiachwe likae. Waeleze watu sheria inasema nini na haisemi nini.
- Msitaje jina la mtu wala mtaa wake katika mkutano, hata kwa mfano mzuri.
- Mkisikia watu wanapanga "kumkagua" mtu, mwiteni mapema mkuu wa mtaa na viongozi wa dini. Watu wakishakusanyika, huwa tumechelewa.

Si lazima tukubaliane juu ya maswali mawili ya kwanza ndipo tumlinde jirani katika lile la tatu.