Nyaraka za Mwalimu na Kiti Kimoja cha Mbulu

Katika uchaguzi wa 1960, TANU ilizoa viti 70 kati ya 71 vya Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika. Kilichoponyoka ni kiti cha Mbulu, wilaya ambayo wakati huo ilikumbatia pia Hanang. Herman Sarwatt, mwanachama wa TANU aliyeamua kusimama kama mgombea binafsi, alimbwaga Chifu Amri Dodo aliyepitishwa na chama.

Mtu akitaka kujua Mwalimu Julius Nyerere alilipokeaje jambo hilo, hotuba hazitamtosha. Atahitaji barua zilizotoka Mbulu, majibu yaliyorudi na mihtasari ya vikao vya chama.

Kwa hotuba, Tanzania haina cha kulalamikia. Nyerere alizichagua mwenyewe, akisaidiwa na katibu wake Joan Wicken, na Oxford University Press ikazichapa katika majuzuu makubwa ya Kiingereza mwaka 1966, 1968 na 1973. Ni hazina kweli kweli. Hata hivyo, hayo ni maneno ambayo kiongozi aliridhia yasikike. Barua za mwalimu wa shule, mzee wa ukoo au katibu wa tawi aliyemwandikia hazimo.

Wamarekani walishika njia nyingine kwa rais wao wa zamani, Thomas Jefferson. Juzuu la kwanza la nyaraka zake lilitoka Princeton mwaka 1950, na majuzuu yamepita 40 bila kazi kwisha. Humo barua alizoandika zimepangwa pamoja na alizoandikiwa, zikiwa na maelezo ya nani ni nani. Msomaji anasikia pande zote mbili.

Msingi wa kazi kama hiyo upo nyumbani. Idara ya Nyaraka ilianza kwa waraka wa Rais wa 1963, na mwaka 2004 Bunge likatunga sheria ya kuwaenzi waasisi wa taifa, Nyerere na Abeid Amani Karume, inayogusa pia utunzaji wa kumbukumbu zao. Kisha likaja Kavazi la Mwalimu Nyerere, chini ya Tume ya Sayansi na Teknolojia (COSTECH), Dar es Salaam. Mwaka 2020 Issa Shivji, Saida Yahya-Othman na Ng'wanza Kamata walitoa wasifu wa Nyerere wa vitabu vitatu, matunda ya miaka ya kuchambua majalada na kuhoji watu. Nao uliandikwa kwa Kiingereza.

Karatasi zenyewe hazisubiri. Nakala za kaboni zilipigwa kwenye karatasi nyepesi inayochanika ikikunjuliwa ovyo. Pini za chuma hushika kutu na kula maandishi. Faksi za karatasi ya joto hufifia hadi ukurasa ukabaki mweupe, na mchwa hawachagui jalada la Ikulu wala la kata. Kwa hiyo mtunzaji hung'oa pini, huweka karatasi kwenye maboksi yasiyo na asidi, huziorodhesha, ndipo huzipiga picha za kompyuta. Kuorodhesha ndiko kunakochosha kuliko yote, na ndiko kunakookoa: picha 10,000 zisizo na orodha ni kama hazipo.

Kwa wafugaji wa Hanang, karatasi hizi zinagusa ardhi. Katika utawala wa Mwalimu, mashamba makubwa ya ngano ya shirika la umma la NAFCO, yaliyosaidiwa na Kanada, yalimeza malisho ya Wabarbaig kuzunguka Basotu. Kijiji cha Mulbadaw kilikwenda mahakamani. Kikashinda Mahakama Kuu, kikashindwa kwenye rufani mwaka 1985. Nani alishauri, nani alionya, malalamiko yalifika meza ya nani? Majibu hukaa kwenye majalada ya wizara, mkoa na wilaya, na mengine kwenye masanduku ya familia.

Toleo kamili la nyaraka za Mwalimu linapaswa kuyafuata majalada hayo hadi Mbulu na Katesh huko Hanang, na kuchapwa kwa Kiswahili, lugha ambayo kwayo wananchi wengi walimwandikia.