Somo la Elimu ya Viumbe Katika Mikoko ya Gazi
Sehemu ya Pili: Kamba, Chumvi na Konokono

Katika makala iliyotangulia tulieleza kwa nini mwanafunzi wa sekondari hana budi kutolewa darasani na kupelekwa pale viumbe wanapoishi. Limebaki swali ambalo kila mwalimu makini ana haki ya kuliuliza, nalo ni hili: akishafika huko atafanya kazi gani hasa, hata safari isigeuke kuwa matembezi? Nitalijibu kwa mfano wa mahali pamoja, yaani ghuba ya Gazi katika Kwale, kusini ya Mombasa. Wanakijiji wa huko huilinda mikoko yao kwa mradi wa Mikoko Pamoja, na tangu mwaka 2013 wamekuwa wakilipwa kwa ajili ya kaboni ambayo miti hiyo huifungia, na sehemu ya malipo hayo huingia katika shule na maji ya kunywa.

Jambo la kwanza la kupangwa ni maji. Bahari hujaa mara mbili kila siku, na baina ya kujaa na kujaa hupita takriban saa 12 na dakika 25, kwa hiyo maji ya kesho huchelewa kiasi cha dakika 50 kuliko ya leo. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti baina ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Mombasa hupita mita 3, ilhali siku za maji mafu hupungua sana. Kipindi cha dakika 40 hakiwezi kuyapokea mambo haya, na naona ni dhuluma kwa elimu kumtaka mwalimu aikate bahari vipande vipande ili iingie katika ratiba. Heri Jumamosi moja nzima kuliko vipindi kumi vya haraka. Neema yetu watu wa pwani hii ni kwamba siku za bamvua maji hupwa mnamo saa 4 au saa 5 asubuhi na kurudi kujaa mnamo saa 10 alasiri, hata wanafunzi wakaweza kuyafuata yakitoka na kuyasubiri yakirejea katika mchana mmoja.

Kazi ya asubuhi ni ya kamba. Kamba ndefu iliyotiwa fundo kila baada ya mita 5 hunyoshwa kutoka ukingo wa maji hadi nchi kavu, na kwenye kila fundo wanafunzi huandika jina la mti ulio karibu na kuupima unene wa shina kwa kimo cha mita 1 na sentimita 30. Ama ukiwa ni mkoko wenye miguu ya mizizi, hupimwa juu ya mzizi wa juu kabisa. Kisha huweka pembenne ya vijiti ya mita 1 kila upande, wakahesabu ndani yake miche, matundu ya kaa na tondo. Kila kitu huandikwa kwa penseli, kwani wino haustahimili maji ya chumvi.

Vitabu aghalabu huichora mikoko kwa safu zilizonyooka: mlilana mbele, mkoko ukifuata, kisha mkandaa, na mchu nyuma upande wa bara. Kamba ya Gazi haikubaliani na mchoro huo, kwa sababu michu huonekana pia upande wa bahari jirani na mililana, tena ni mirefu yenye mashina manene. Katikati hutoweka, na hujitokeza tena bara ikiwa mifupi kama vichaka. Hapa ndipo mwalimu atakapomjua mwanafunzi wake, kwani wako watakaoandika mchu upande mmoja tu, si kwa kuwa hawakuuona upande wa pili, bali kwa kuwa kitabu hakikuwaambia. Mwalimu asiwakaripie. Awarudishe kwenye fundo lile lile, waushike mti kwa mikono yao, na waandike walichokishika.

Likishathibitika hilo, sababu hutafutwa kwa chumvi. Huchimbwa shimo dogo katika tope la kila upande, na maji yanayojikusanya humo huchukuliwa kwa vipimo vilivyo sawa, yakachemshwa shuleni hadi yakauke, na chumvi iliyobaki ikapimwa kwa mizani. Lita moja ya maji ya bahari huacha kiasi cha gramu 35. Maji ya shimo la bara huenda yakaacha zaidi sana, kwa kuwa huko bahari hufika siku za bamvua tu, na siku zilizobaki jua huyakausha maji na kuiacha chumvi ardhini. Mwanafunzi na alambe jani la mchu kwa ncha ya ulimi, ataonja chumvi ambayo mti wenyewe huitoa kupitia majani.

Alasiri ni zamu ya konokono. Kwenye mashina ya michu hukaa konokono mwembamba wa sentimita 2 au 3, ambaye ncha ya kombe lake aghalabu imekatika. Maji yakipwa huteremka kula topeni, na maji yakikaribia hupanda shinani. Watiwe konokono kadhaa alama ya rangi ya kucha, kila mmoja kwa namna yake, na mwanafunzi akae na saa mkononi aandike wakati alioanza kupanda, kimo alichofika, na wakati maji yalipoligusa shina. Karibu wote hudhani kwamba konokono hukimbia maji yakishamgusa. Daftari litawaonyesha kwamba huanza kupanda shina likiwa bado kavu. Wataalamu waliowachunguza konokono hao katika hori ya Mida, karibu na Watamu, wamelithibitisha jambo hilo.

Hapo maswali huja yenyewe. Je, hujua kwa unyevu, kwa mwezi, au ana saa ndani ya mwili wake? Mwalimu asijibu. Kundi moja na lichukue konokono wenye alama, liwaweke kwenye mti wa juu usiofikiwa na maji, liangalie kama watapanda saa ile ile na wenzao. Jaribio hilo halihitaji senti, ila huhitaji subira, na aghalabu mtoto wa mvuvi, aliyezoea kungoja maji na kuhesabu tarehe za mwezi, ndiye atakayekuwa kiongozi wa kundi.

Kabla maji hayajafika magotini wanafunzi wahesabiwe kwa majina, madaftari yatiwe katika mfuko usiopenya maji, na konokono warejeshwe kwenye miti walikotolewa. Katika sehemu ya tatu, inshallah, nitaeleza jinsi hesabu hizo zinavyogeuzwa kuwa michoro, na jinsi shule iliyo mbali na bahari iwezavyo kufanya kazi kama hii kwenye kijito au kichuguu kilicho karibu nayo.