Barakoa Humkinga Nani?

Juma lililopita nilipanda kifodi pale Tengeru kuja mjini. Mlima Meru ulikuwa umejifunika mawingu, baridi kali, na abiria walikuwa wamefunga madirisha yote. Mimi nilikuwa na mafua, kwa hiyo nilivaa barakoa. Kijana tuliyebanana naye kitini akanitazama, akacheka.

"Shikamoo mzee. Korona si ilishakwisha? Bado unaogopa kufa?"

"Marahaba. Siogopi, kijana wangu. Nina mafua, sitaki nikuambukize."

Akanyamaza kidogo, kisha akafungua dirisha.

Ndugu msikilizaji, kijana yule hayuko peke yake. Hapa Arusha tumezoea kufunika uso kwa faida yetu wenyewe. Mwendesha bodaboda hujifunga kitambaa puani kuzuia vumbi na baridi. Basi tukimwona mtu amevaa barakoa, twadhani naye anajihami. Mwoga huyo! Kumbe mara nyingi mambo ni kinyume.

Mtazame daktari wa upasuaji. Mwaka 1897, katika mji wa Breslau, ambao leo ni Wrocław nchini Poland, daktari Johannes von Mikulicz alianza kupasua wagonjwa akiwa amejifunga kitambaa cha shashi mdomoni. Mwenzake, Carl Flügge, alikuwa ameonyesha kwamba mtu akizungumza tu hurusha vitone vya mate vyenye vijidudu. Mikulicz alikuwa akikinga kidonda cha mgonjwa, si pua yake.

Tena tunao mfano wa hapa nchini. Watalii wanaokwenda kuwaona sokwe wa Mahale, kando ya Ziwa Tanganyika, walitakiwa kuvaa barakoa miaka mingi kabla korona haijajulikana. Anayekingwa pale ni sokwe, kwa sababu mafua yetu sisi binadamu yanaweza kumuua. Sokwe tunamstahi, jirani yetu ndani ya kifodi je?

Sababu yenyewe si ngumu. Vitone vinapotoka mdomoni huwa vikubwa na vimelowa, na kitambaa huvidaka kwa urahisi. Vikishatoka nje hukauka, vikawa vidogo sana, vikaelea hewani kama moshi wa jikoni. Hapo kitambaa cha yule anayevuta hewa hupata kazi ngumu zaidi. Ndiyo maana ni afadhali kuviziba vinakotoka. Na kwa korona liko jambo jingine: mtu huweza kuambukiza wengine siku moja au mbili kabla hajajisikia vibaya. Anatembea, anacheka, anasalimia watu, hana habari.

Mgonjwa wa kwanza wa korona kutangazwa Tanzania aliingia kupitia uwanja wetu wa KIA tarehe 15 Machi 2020, akitoka Ubelgiji, akatengwa hapa hapa Arusha. Baadaye mafundi cherehani walishona barakoa za vitenge, nasi tukazivaa. Mapema Mei takwimu zilikuwa wagonjwa 509 na vifo 21, kisha kwa zaidi ya mwaka mzima hatukutangaziwa nyingine. Barakoa zikaanza kurudi mifukoni. Aliyeivaa alichekwa.

Ya kwangu nayo ilikuwa mfukoni Januari 2021, nilipopanda Nkoaranga kumwona shangazi yangu. Nilikuwa na kikohozi kidogo, cha kupuuzwa. Shangazi ndiye aliyenilea. Kukaa mbele yake nimeziba pua niliona ni kama kumwambia kwamba nyumba yake inanuka. Tukala ndizi, tukazungumza hadi jioni, mlango umefungwa kwa sababu ya baridi. Siku ya nane akaanza kubanwa na pumzi. Februari tulimzika. Yeye hakupimwa wala mimi sikupimwa, na hakuna ndugu aliyenilaumu hata kwa neno moja. Lakini ile barakoa ninayo mpaka leo, ya kitenge cha bluu, haijawahi kufuliwa kwa kuwa haikuvaliwa.

Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba ile dharura ya korona imekwisha. Mafua hayakutangaziwa mwisho, wala kifua kikuu. Sisemi tuvae barakoa mchana kutwa sokoni Kilombero. Nasema mwenye kukohoa avae anapopanda gari, anapokwenda kumwona mgonjwa, anapokaa na wazee. Na avae sawasawa: ifunike pua na mdomo, maana ile ya kidevuni ni pambo tu. Dirisha lifunguliwe hata kama ni Julai. Ya kitambaa iwe na tabaka tatu, ifuliwe kwa sabuni kila siku na ianikwe juani. Ile ya dukani ikilowa itupwe jalalani, si kwenye mtaro kama ninavyoziona pale Sanawari.